Vidonge vya Mbalamwezi

Uvira, mtaa wa kando ya ziwa

Mdogo wangu Zaituni,

Amani ya Mungu iwe juu ya nyumba yenu, na juu ya yule atakayekuletea karatasi hii bila kuilowesha, maana ziwa limechafuka wiki hii. Miguu ya mama inaendeleaje? Bado anaikanda kwa mawese ya moto, au ameukubali ule mkongojo niliompelekea? Mumeo, kile kikohozi kimemwacha? Na muhogo wenu, wale wenye bunduki wamewaachia hata mizizi? Nakuuliza yote kwa mkupuo kwa sababu majibu yako huchelewa kufika, na mimi sikuzaliwa na subira, unajua mwenyewe.

Sisi huku tu wazima. Uasi bado uko, vizuizi bado viko barabarani, lakini tu wazima. Na zaidi ya hapo, nimeshinda. Kaa chini nikueleze. Kwanza mtoe mjomba chumbani, na watoto watoke wakacheze. Mama abaki, kwa kuwa habari hii ni yake kuliko yetu sote.

Uliniambia kwamba tangu tumzike Dada Amina, kila ukifungua barua yangu mama hakuachi usome salamu. Anakuuliza, "Iko na mimba?" Simlaumu. Dada alikuwa na miaka arobaini na tatu. Damu yake ilikuwa imekosa miezi kadhaa, akasema kazi ya kuzaa imekwisha, akagawa nguo zote za kichanga. Kumbe mimba ilikuwa imeshaingia. Tukamzika pamoja na mtoto wake. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya uhuru, mji wetu ungali na jina lake la kizungu, watu wakicheza ngoma mpaka vumbi likapanda. Wewe hukuwepo, wewe ni mtoto wa uhuru, ulikuja ukakuta sherehe zimekwisha. Mimi pia siikumbuki siku hiyo, ila Dada alinisimulia mara nyingi mpaka nikawa naiona.

Na mwaka huu, Zaituni, kwa hesabu ya mama ya misimu ya mvua, nimeufikia umri wake. Mwaka huu huu Sauda wangu, aliyeolewa kule Makobola, akabeba mimba yake ya kwanza.

Sijui kama nilishakueleza mila ya ukweni kwa Sauda. Kwao wanasema matumbo mawili ya nyumba moja hayatazamani. Binti akijifungua, mama yake ndiye anayempokea mtoto na kumtoa juani, lakini akifika mlangoni wazee wa kike wanamsimamisha na kumuuliza mbele ya watu kama tumbo lake liko wazi. Kama ana mimba, haingii. Atakaa nje mpaka mtoto aanze kuketi mwenyewe, na aibu yake itatembea kutoka Makobola mpaka Luvungi. Sauda ni binti yangu wa pekee katika wavulana watano. Nilijiapiza kwamba nitaingia katika mlango ule kwa miguu yangu.

Sasa sikia ujinga tuliokuwa nao wanawake wa ufuko huu, na mimi nikiwa wa kwanza. Waume zetu wanavua ndagala kwa taa za karabai. Mwezi ukiwa haupo wanakwenda ziwani usiku kucha. Mbalamwezi ikitoka, samaki hawaifuati taa, basi wanaume wanalala nyumbani. Kwa hiyo tulipima hivi: vidonge vya kuzuia mimba vya nini siku ambazo mume yuko majini? Tukawa tunavimeza siku za mbalamwezi tu. Pakiti moja tuligawana watu watatu, wanne. Jirani yangu Mama Feza alikuwa akiinunua sokoni, kwa mtu anayeuza pia betri na sabuni, na anatugawia kama mtu anayegawa karanga. Tulijiona wajanja kupita maelezo. Aliyebeba mimba tulisema mwezi ulimdanganya.

Halafu hawa wenye madaraka wapya wakapiga marufuku kuvua usiku. Walisema taa ziwani zinawaongoza adui. Mitumbwi ikavutwa mchangani, karabai zikatundikwa, na wanaume wote wakawa nyumbani, usiku baada ya usiku, mwezi uwepo usiwepo. Zaituni, hujawahi kuona mtaa wenye wanaume wengi wasio na kazi. Waliziba nyavu ambazo hazikutoboka. Walicheza karata. Walitoa maoni juu ya chumvi katika mboga ya sombe. Na vidonge vyetu vya mbalamwezi havikutosha, kwa kuwa mbalamwezi yenyewe haikuisha.

Mama Feza akawa wa kwanza kutapika. Mwanamke ana wajukuu, jamani. Akafuata mwingine wa mtaa wa chini, naye mtu mzima. Mimi kichwa kikaanza kunigonga kila asubuhi, upande mmoja, macho yanaona vimulimuli. Nikaongeza vidonge. Halafu damu ikakosa mwezi wa kwanza, ikakosa na wa pili, na siku hiyo hiyo ya kukata tamaa akaja mtu kutoka Makobola na ujumbe wa Sauda: "Mama, jiandae, nitakuita." Nilimjibu kwamba nimefurahi. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikimwona Dada jinsi alivyolala siku ile, na kile kifurushi pembeni yake.

Nilikaa na hofu hiyo mpaka ikanichosha. Asubuhi moja nikajifunga kitenge, nikaenda kwenye kituo cha afya kule juu ya barabara, ambako kuna muuguzi mmoja anaitwa Mama Esperansi. Watu wengi wa ufuko hawaendi kwake. Ametoka milimani, kwa wafuga ng'ombe, na wakati huu wa vita kila mtu anamtazama mwenzake kwa kona ya jicho. Mimi nilisema anayenitazama vibaya na anitazame, lakini anipime. Nikamkuta mwanamke mrefu, mkavu wa sura, anaimba nyimbo za kanisani kwao huku akichemsha vyombo.

"Ulizaliwa mwaka gani?" akaniuliza.

"Sijue. Uhuru ilinikuta niko mu mugongo ya dada yangu."

"Ulikuwa hujajua kutembea?"

"Nilikuwa najua. Ni uvivu tu."

Akacheka, akakadiria umri wangu, akaandika. "Na dawa gani unakunywaka?"

"Vidonge vya kuzuia mimba."

"Kila siku?"

"Hapana. Siku za mbalamwezi."

Akaweka kalamu chini. Nilimweleza yote, ndagala, karabai, pakiti ya Mama Feza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga yake, kisha uso ukabadilika ghafla.

"Mama, kidonge haiko mwavuli, ufungue wakati mvua iko nanyesha. Inafanya kazi ukiikunywa kila siku, hata bwana akiwa Bujumbura. Ukirukaruka ni kama hujakunywa. Leta mukono."

Akanifunga kile kitambaa cha kupima presha, wenyewe huku wanaita tansyo. Akapima mkono mmoja, akapima wa pili, akaniambia nikae nipumzike, akapima tena. Nikaona midomo yake imekaza.

"Tansyo yako iko juu sana. Sasa sikia muzuri. Hii aina ya vidonge, hata ungeikunywa ginsi inafaa, haiko yako weye. Mwanamuke kijana mwenye afya anaweza kuikunywa. Lakini weye umevuka arobaini, tansyo iko juu, kichwa inakupiga na macho inaona nyota. Damu inaweza kuganda, ukapooza upande, ao ukakufa. Ilikuwa inakuua polepole, na mimba haizuie."

Nikamwambia sauti ikiwa chini kwamba damu imeshakosa, kwa hiyo ama nina mimba ama nimezeeka. Akanipima mkojo, akanilaza, akanichunguza vizuri. Nilitazama juu nikisoma kila dua ninayoijua. Yeye alikuwa ameanza kuimba tena.

"Mimba haiko," akasema. "Na uzee haijafika. Wakati kama huu damu inacheza, inakosa, inarudi. Kukosa haiko kumalizika. Kama hujafika makumi tano, ungoje miaka miwili mizima bila damu hata kidogo ndo useme kazi imekwisha. Ukishapita makumi tano, mwaka moja. Kabla ya pale, mimba inaweza kuingia, na kwa miaka yetu inakuja na taabu nyingi."

Nilikaa kwenye kile kitanda nikalia mbele yake, nikamweleza habari ya Dada Amina. Hakuna aliyemwambia Dada maneno hayo, Zaituni. Maneno machache tu. Nilimkasirikia kila mtu siku ile, nikajikasirikia na mimi, kwa kuwa sote tulidhani ni mambo ya kuonea aibu.

Mama Esperansi akaniachia nimalize, akanipa maji. Kisha akapanga vitu juu ya meza kama mtu wa sokoni asiye na haraka ya kuuza. Kapoti za wanaume, yaani kondomu. Sindano ya kila miezi mitatu. Vidonge vya aina nyingine, visivyo na ile dawa iliyokuwa mbaya kwangu. Kitanzi cha shaba, kifaa kidogo chenye waya, kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi. Akaongeza kwamba iko pia ile ya kufunga mirija hospitalini, na ya mwanamume nayo iko. Kila kimoja alinieleza uzuri wake na ubaya wake. Sindano hakuipenda kwangu kwa jinsi presha yangu ilivyokuwa imepanda. Vidonge vile vingine vinataka saa ile ile kila siku, na katika vita hii pakiti inaweza kukatika wakati wowote. Kitanzi hakiigusi presha, wala hakitaki kukumbukwa kila siku, lakini miezi ya mwanzo damu inaweza kuwa nyingi na tumbo kuuma, na hakizuii magonjwa. Kwa hilo ni kapoti.

"Basi unichagulie," nikamwambia.

"Minye sitakuchagulia. Mwili iko ya nani?"

Hilo swali, mdogo wangu, sikuwa nimeulizwa tangu niolewe, na hata kabla. Niliwaza kidogo. Nikauliza kitanzi kinakaa muda gani. Akasema kwa umri wangu kinaweza kukaa mpaka mambo yenyewe yafike mwisho, ndipo kitolewe. Nikauliza kama kinaweza kutembea mpaka kwenye moyo, kama wanavyosema sokoni. Akasema barabara ya kwenda kule haipo. Akaangalia macho yangu na kucha kama damu inanitosha, akaniuliza juu ya maumivu na uchafu wowote, akaridhika. Nikasema, nataka hiki cha shaba. Akanipa dawa za presha, akaniagiza nirudi baada ya siku chache, na kama nitapenda nije na mume wangu.

Nilimkuta Baba Sauda mchangani, ameketi juu ya mtumbwi uliogeuzwa, anaziba wavu. Nikamweleza bila kuzunguka. Akainua ule wavu akautazama, akanitazama mimi.

"Kitanzi? Ya kunasa nini?"

"Haina kunasa mutu. Uache mizaha."

"Na minye haitanichoma?"

"Utamuuliza muganga ya kituo mwenyewe."

Akaziba tundu moja, akaziba lingine. Nilijua ndugu zake wanamwambia kwamba mtoto wa mwisho ndiye fimbo ya uzee, na kwamba mwenzake wa mtumbwi amepata wa tisa. Nikajiandaa kwa vita. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Minye ndo nilishika jembe pale Kalemie, siku ya dada yako. Ile udongo ilikuwa nguvu kabisa. Sitaki kuchimba ingine." Akaendelea kuziba wavu. Mimi nikaenda kupika.

Basi tulikwenda wote wawili. Aliuliza swali lake la kuchomwa, akajibiwa kwamba uzi mdogo unaoning'inia kwenye kitanzi unalainika na wala hautamsumbua. Mama Esperansi akamwambia, kwa uso ule ule mkavu, "Kuko na ya wanaume pia, papa. Ni ndogo, na haina kuondoa nguvu." Ungemwona shemeji yako alivyoinua macho akaanza kukagua mabati ya paa. Mpaka leo nikitaka anyamaze ninataja mabati.

Kuwekwa kulikuwa na maumivu, sitakudanganya, kama tumbo la hedhi lililokasirika, lakini hayakudumu. Mwezi wa kwanza damu ilikuwa nyingi, wa pili ikapungua. Nilirudi kuangaliwa kama alivyotaka. Presha inashuka kwa dawa, na kichwa kimenyamaza. Lililokaribia kunishinda ni chumvi, ambayo Mama Esperansi amenikataza kwa ajili ya presha. Kunikataza ndagala wa chumvi katika mji huu ni kumkataza mtu kupumua. Nimezoea kwa shida, na Baba Sauda anayekula wake mbele yangu ana dhambi yake.

Halafu wakaniita. Sauda alishikwa na uchungu alfajiri, mimi nikashika njia ya Makobola. Kijiji kile kimelia sana katika vita hii, unajua, sitayaandika. Lakini nilipokaribia nikasikia vigelegele, na nguo za rangi zimeanikwa, na harufu ya muhogo unaochachuka, nikasema moyoni kwamba watu hawa wameamua kuishi. Mlangoni walikuwa wamesimama wazee wa kike, mama mkwe wa Sauda yuko mbele, mkono umezuia njia. Wanawake wote wakageuka kunisikiliza.

"Mama ya muzazi, tumbo yako iko wazi?"

Nilitaka kujibu kwa adabu kama inavyotakiwa. Badala yake nilifungua kitenge cha juu, nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya kufika ziwani, "Iko wazi, na itabakia wazi, na atakaye nimweleze, nitamweleza ginsi gani na sababu gani." Wakacheka, na ule mkono ukashuka. Nikaingia. Sauda alikuwa amechoka na mzuri, na pembeni yake mtoto wa kike, ngumi amezikunja kama mtu anayedai haki yake. Nilimbeba mimi nikamtoa juani. Mimi, Zaituni. Wamempa jina la Amina.

Kabla sijaondoka, yule mama mkwe alinivuta kando ya jiko akaniuliza polepole ile sababu. Si yeye peke yake. Siku hizi marufuku ya taa imeondolewa, wanaume wamerudi majini tukapumua, lakini pakiti za mbalamwezi hazigawiwi tena katika ufuko wetu. Tunapanda kwenda kwa Mama Esperansi kwa makundi, na kila mmoja anarudi na chake. Ambaye sindano inamfaa anapata sindano, kijana mwenye afya anakunywa vidonge vyake kila siku, wala hakuna anayemwazima mwenzake. Hata Mama Feza alitazamwa vizuri, akapelekwa hospitali mapema, wakampasua, akatoka na mtoto wake na uhai wake. Akafungwa mirija hapo hapo. Anasema mlango ameufunga na ufunguo ameutupa ziwani.

Sasa niko kwako. Katika barua yako ya mwisho uliandika, kana kwamba ni habari ya kuku, kwamba damu haijaonekana tangu mvua zianze na kwamba umeacha kila kitu cha kuzuia mimba. Tena unaumwa kichwa. Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya: nenda upimwe. Usiende kusema unataka cha dada yako, kwa kuwa cha dada yako huenda kisikufae. Sema umri wako, sema kichwa chako, sema kama unavuta ule ugoro unaojificha nao, na uulize mpaka wachoke nawe. Aibu iache nyumbani imlindie mama nyumba.

Nisalimie mjomba, sasa anaweza kurudi chumbani. Nisalimie shangazi anayefuma mikeka, wifi yako wa sokoni mwenye ulimi, na watoto wa marehemu Dada, hasa yule binti yake wa kwanza, umwambie jina la mama yake linalia usiku kule Makobola na linanyonya kama lina deni. Shemeji yako anasalimia, anasema mumeo akija atamkaangia samaki wa mukeke mwenyewe, na atamwonyesha mabati.

Na mama, asiyependa kusikia salamu zake kabla ya jambo lenyewe, mwambie hivi: Mwamini hana mimba. Mwambie kwa hesabu yake mwenyewe, mwezi huu nimeupita umri wa Dada Amina. Mwambie aifungue barua inayofuata bila kushika kifua.

Mimi dada yako,
Mwamini, bibi yake Amina